Sista Aliyetaka Kuwa wa Nne

"Mtu akifika wa tatu halafu akaondoka, yule aliyemfuata anakuwa wa tatu, au anabaki wa nne?"

Niliulizwa swali hilo asubuhi yangu ya pili katika nyumba ya masista karibu na Rangwe. Aliyeniuliza alikuwa sista mzee, ameinama juu ya jiko la makaa, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa na digrii ya historia, na somo langu la pili lilikuwa falsafa. Nilikuwa nimewahi kuandika kurasa kumi na mbili kuhusu kama meza ipo wakati hakuna anayeitazama, nikapata alama nzuri. Swali la sista likanishinda.

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea anayehesabu."

"Basi wewe ndiye unayehesabu," akaniambia, akageuza koleo lake la chuma juu ya moto.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimenipa digrii na kunirudisha nayo nyumbani, na nyumbani hakuna aliyejua tuiweke wapi. Mama aliuza vitambaa vya mapazia mjini Migori, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kushika upande wa pili wa kitambaa wakati yeye anapima. Siku moja mteja wake, sista aliyekuja kutafuta kitambaa cha altare, akasema kwamba shirika lao linaandaa jubilei na hawana mtu wa kuwaandikia historia. Walianza na wasichana wachache wa kienyeji, sasa wako kila kona, na hakuna aliyewahi kuketi chini akaandika hata ukurasa mmoja.

"Huyu binti yangu ameandika mpaka vidole vimepinda," Mama akasema haraka, kabla hajakumbuka kwamba sisi ni Wasabato.

Alipokumbuka, nilikuwa nimeshakubali. "Nenda," akaniambia, "lakini wakikwambia upige magoti, sema una goti bovu."

Ukweli ni kwamba sikuwa mtu wa kupiga magoti popote. Kule Kendu Bay, nilikolelewa na nyanya, nilitolewa nje ya darasa la Sabato kwa kuuliza jambo ambalo mpaka leo naliona la maana: ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za kwanza zilihesabiwa na nani? Jibu nililopata lilikuwa la kuvutwa sikio.

Mama Mkuu wa masista alikuwa Mkuria kutoka upande wa Migori, mrefu, mwenye hatua kubwa, aliyeendesha pikapu ya shirika mwenyewe huku kilemba kikipepea dirishani. Aliweka sheria kwamba mezani na kazini kisemwe Kiswahili tu, ili Mkuria asikae kando Wajaluo wakicheka, wala Mkisii asidhani anasengenywa. Kiswahili chetu kilichechemea, lakini kilifika.

"Wewe ni Msabato," akaniambia siku ya kwanza. "Jumamosi utafanya kazi?"

"Jumamosi napumzika, kwa heshima ya mama yangu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili napumzika kwa heshima yenu."

Akacheka, akawaambia masista wengine, "Mmemwona? Mvivu wa dini mbili."

Kijitabu nilichotakiwa kuandika kilikuwa tayari kina jina: *Watatu wa Kwanza*. Nikauliza jina limetoka wapi kabla ya kitabu. Mama Mkuu akanipeleka stoo, akanionyesha. Leso za jubilei zilikuwa zimeshachapishwa, marobota mazima, na kila leso ilikuwa na mikono mitatu iliyoshika mshumaa mmoja. Bango la kutundika kanisani nalo lilikuwa limeshachorwa mikono hiyohiyo. "Wasichana watatu, kama Utatu Mtakatifu," akasema. "Imekaa vizuri. Wewe andika tu kinachofuata."

Kati ya hao watatu, wawili walikuwa wamezikwa nyuma ya kanisa. Aliyebaki ndiye huyu wa jiko la makaa. Kazi yake ilikuwa kuoka hostia, ile mikate myembamba ya misa, kwa ajili ya parokia nyingi kati ya Homa Bay na Migori. Alikuwa na koleo refu lenye sahani mbili za chuma. Alimimina uji wa ngano kwenye sahani moja, akabana kwa nyingine, akasogeza shavu lake karibu na chuma mpaka nikaogopa, akasubiri, akafungua. Hakuwa na saa. Baada ya hapo alikata miduara, na vipande vya pembeni alivikusanya kwenye bakuli.

"Kula," alinisukumia bakuli.

"Si dhambi?"

"Ni unga na maji, Nyar Kendu. Dhambi ulikuja nayo mwenyewe."

Nyar Kendu, binti wa Kendu, ndivyo alivyoniita siku zote, na sheria ya Kiswahili akaiweka kando pamoja na majivu.

Yeye hakuwa na shida na leso, wala na mshumaa. Shida yake ilikuwa moja. "Mimi si wa tatu," aliniambia. "Mimi ni wa nne. Nimewaambia, wanasema nimezeeka. Kabla hujapeleka hicho kitabu kwa wachapaji, niandike wa nne."

Nikashika kichwa. Katika historia yote niliyosoma, watu walidanganya ili wasogezwe mbele. Sikuwahi kukutana na mtu aliyepigania kurudishwa nyuma nafasi moja. Na kama kuna kitu kilichonitoa usingizi wa uvivu wangu wa dini mbili, ni hicho.

Kabatini mwa Mama Mkuu kulikuwa na kitabu cha kumbukumbu za nyumba, kilichoandikwa na sista wa Kizungu aliyeanzisha shirika. Kilinuka dawa ya nondo. Nikakipekua siku tatu: mvua, magonjwa ya kuku, askofu amekuja, askofu hakuja. Kisha nikafika kwenye orodha ya wasichana wa mwanzo. Wa kwanza. Wa pili. Halafu mstari mmoja ulifutwa kwa wino na rula, kwa ustadi wa mtu anayeheshimu hata anachokifuta. Chini yake, wa tatu. Lakini ile tatu ilikuwa na nundu. Nikaisogeza dirishani. Mguu wa ile nne ya zamani ulikuwa bado unaonekana, umekunjwa ukafanywa tatu.

Nikakimbia mpaka nyumba ya mkate.

"Nimeiona, Sista."

"Umeiona nini?"

"Nne yako."

Akaweka koleo chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiacha mkate uungue. "Basi sijazeeka," akasema.

Ndipo akaniambia. Aliyefutwa alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Walifika siku moja, mmoja nyuma ya mwingine, na mdogo ndiye aliyetangulia kupita langoni. Wakaandikwa hivyo: mdogo wa tatu, mkubwa wa nne. Mwaka wa pili, baba yao akaja na wazee wawili, na mdogo akaondoka nao kwenda kuolewa Kisegi. Kanuni ya shirika ilikuwa wazi: anayeondoka kabla ya nadhiri hahesabiwi. Sista wa Kizungu akachukua rula yake.

"Kwa hiyo unataka mdogo wako ahesabiwe," nikasema.

"Hapana. Nataka nihesabiwe mimi, lakini sawasawa. Mahali nilipowekwa ni pa mtu."

Nilimpelekea Mama Mkuu jambo hilo nikiwa na uhakika wa kushinda, kwa sababu nilikuwa na ushahidi, na chuoni walinifundisha kwamba ushahidi hutosha. Akaitazama ile tatu yenye nundu kwa muda.

"Ni kweli," akasema. "Na haiwezekani. Nikimwandika mmoja aliyetoka, kesho watakuja ndugu za wote waliotoka. Unajua ni wangapi? Wengine walitoka kupitia dirishani."

"Lakini huyu alikuwapo."

"Kuwapo si kubaki, mwanangu. Na leso zimeshachapishwa."

Hiyo ya leso ndiyo iliyoniuma. Nikaamua kwenda Kisegi kumtazama mtu ambaye marobota ya leso yalikuwa yanamkataa.

Nilipofika sokoni nikauliza kwa jina lililokuwa chini ya wino. Hakuna aliyelijua. Mwanamke mmoja muuza nyanya akanitazama kuanzia viatu, akasema, "Unamtafuta Sista?"

"Sista gani? Huyu ameolewa."

"Ndiye huyo. Ana watoto wanane. Sista."

Nilimkuta uani kwake akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya wavu uliotandazwa chini. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, na alifanana na dada yake kama nakala iliyoachwa juani. Kwenye nguzo kando ya nyumba palining'inia rimu ya gurudumu la lori. Nilipokuwa bado najieleza, akainua mkono ninyamaze, akatazama kivuli cha nguzo, akachukua kipande cha nondo, akaigonga rimu mara tatu, akatua, mara tatu, akatua, mara tatu tena. Midomo yake ikatembea kidogo. Kisha akarudi kwa omena wake.

"Saa sita," akasema. "Hapa wote wanainjika chungu kwa kengele yangu, Wakatoliki na Wasabato. Hata marehemu mzee wangu aliniita Sista. Akikasirika aliniita Mama Mkuu."

Nikamuuliza kwa heshima ya kumwita nyanya, "Dani, kwa nini uliondoka kule?"

"Ng'ombe walikuwa wameshafika nyumbani."

Niliandika hivyo kwenye daftari: ng'ombe walikuwa wameshafika. Ilionekana sababu ya kutosha. Msichana ametolewa mahari, baba amekuja kumchukua. Nilisoma mambo ya namna hiyo chuoni na nilikuwa na msimamo mkali tayari.

"Ulilia?"

"Nilikuwa na haraka."

Nikamweleza kuhusu kijitabu, na jinsi dada yake anavyokataa kuandikwa wa tatu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Bado anahesabu! Huyo tangu utotoni, ukimpa kitu kisicho chake hapati usingizi. Mwambie aikalie hiyo tatu, mimi hapa sina pa kuiweka." Akageuza omena kidogo. "Anaunguza bado?"

"Haunguzi."

"Mwambie asitazame. Asogeze shavu. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

"Anasogeza shavu," nikasema.

Aliokota omena mmoja aliyeanguka nje ya wavu, akampuliza mchanga, akamrudisha mahali pake. Nilipomwalika aje kwenye jubilei alinishangaa. "Na kengele atapiga nani?"

Nikarudi Rangwe bila hoja mpya. Siku za kupeleka karatasi kwa wachapaji zilikuwa zimebaki chache, na sista wa mkate aliniuliza kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, "Mimi ni wa ngapi leo?"

Njia niliipata kwenye kosa la zamani, kosa lililonichekesha mpaka nikalazimika kutoka nje ya maktaba ya masista. Yule sista wa Kizungu, alipofika, alitaka neno la Kijaluo la cheo chake. Akamuuliza katekista: mnamwitaje mama mkubwa wa nyumba zote, ambaye wengine wanamfuata? Katekista, mtu mwaminifu, akamjibu kwa uaminifu: mikayi. Sista akafurahi, akaandika barua, ikasomwa kanisani kwamba Mikayi amewasili. Kwa mwaka mzima alitia sahihi hivyo. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mikayi ni mke wa kwanza wa mwenye boma.

Kijiji kikaelewa kilivyoelewa. Mwenye boma hakuwa mwingine ila padre. Wasichana wanne walipofika, wakahesabiwa wake wadogo, na mzee mmoja akaenda kumpa padre pole: wake watano si mchezo. Na fundi alipoitwa kujenga nyumba zao, hakuuliza ramani. Alijenga boma la mume mwenye wake wengi kama alivyojenga maboma yote maishani mwake: nyumba ya mikayi inatazama lango, ya msichana wa kwanza upande mmoja, ya wa pili upande wa pili, ya wa tatu chini ya ile ya wa kwanza, ya wa nne chini ya ile ya wa pili. Ramani hiyo ilikuwapo mpaka siku zangu. Nilikuwa napita katikati yake kila siku kwenda kunywa chai. Na nyumba ya mkate, nilipoihesabu sasa kuanzia ile ya mikayi, ilikuwa ya msichana wa tatu. Sista wa mkate alikuwa ameoka miaka yote hiyo ndani ya nyumba ya mdogo wake.

Kwa hiyo sikuandika orodha. Niliandika sura kuhusu nyumba. Nilieleza kosa la mikayi, fundi, na kila nyumba ilikuwa ya nani, kwa mpangilio, na kwenye nyumba ya mkate nikaandika jina la mdogo na neno moja: Kisegi. Nyumba iliyofuata nikaandika ya wa nne.

Mama Mkuu alisoma akiwa ameketi barazani, miguu imenyooshwa. Aliposoma kuhusu padre na wake zake alicheka mpaka masista wawili wakatoka jikoni kutazama kuna nini. Alipofika kwenye nyumba ya mkate akakunja miguu. Akarudia ukurasa.

"Wewe ni mjanja," akasema.

"Sijahesabu watu, Mama. Nimehesabu nyumba."

"Naona." Akatazama ua, zile nyumba ndogo kulia na kushoto. "Mama yangu alikuwa mke wa tatu. Kwetu Kuria, mwanamke asipozaa mwana, huoa mwanamke mwingine amzalie, ili nyumba yake isife. Nyumba haifi kwa sababu mtu hayupo." Akapiga karatasi pajani. "Na hairukwi. Nikimruka huyu, mjenzi atafufuka."

"Kwa hiyo sura inabaki?"

"Inabaki. Lakini jalada halibadiliki. Leso ni leso."

Siku ya jubilei leso zilikuwa kila mahali, mikono mitatu mgongoni kwa kila mtu, na bango la mikono mitatu ukutani. Lakini mbele ya altare Mama Mkuu alikuwa ameamuru viti vinne. Viwili vya kwanza viliwekwa maua, kwa ajili ya marehemu. Cha tatu hakikuwekwa kitu. Kwenye cha nne aliketi sista wa mkate, ameosha nyusi.

Misa ilikuwa imeshaanza diwani wa eneo alipoingia, amechelewa kama inavyompasa mtu mkubwa, akaangaza macho, akaona kiti kitupu mbele kabisa, akaona kwamba watu wamemwandalia vizuri. Akakiendea. Alikuwa anakunja suruali magotini ili aketi.

"Hapo pana mtu," sista akamwambia kwa sauti ambayo hata kwaya iliisikia.

Diwani akatazama kiti, akamtazama sista, akatazama tena kiti. Akainama kidogo kuelekea kile kiti, kama mtu anayeomba radhi, akaenda kusimama ukutani chini ya bango.

Jioni, kabla sijaondoka, nilimsomea sista wa mkate ile sura, kwa kuwa macho yake hayakufaa tena kwa maandishi madogo. Nilipofika kwenye neno "wa nne" aliniomba nirudie. Nikarudia. Akanifungia vipande vya pembeni vya hostia kwenye gazeti, nivipeleke Migori. Mama alivikataa katakata, kisha nikamkuta anavila huku anapima kitambaa.

Nilidhani nimeelewa yote. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya msichana aliyetamani utawa na baba aliyetaka ng'ombe, na ya dada aliyebaki akiwa na wivu wa haki. Nilijisifu kidogo pia kwa ajili ya ile sura.

Wote wawili wameshakufa, mkubwa Rangwe, mdogo Kisegi. Baada ya hapo ndipo nilipokutana na binti wa kwanza wa yule mdogo, mjini Kendu Bay, alikokuja kuuza omena, tukanywa chai. Nikamwambia jinsi mama yake alivyonieleza kuhusu ng'ombe. Akaniuliza kama mama yake alisema walikuwa ng'ombe wa nani. Nikajibu kwamba sikuuliza. Mimi, niliyeuliza kila kitu.

Mama yake, akaniambia, hakuitwa na mtu siku ile. Alikuwa anaoka. Alisikia wageni langoni, akaweka koleo chini, akatoka na kusema yuko tayari, na baba yao, aliyetaka binti mmoja, hakubishana. Jina ambalo baba alikuwa ameliita langoni, na ambalo ng'ombe wale walikuwa wameletwa kwa ajili yake, lilikuwa la yule mkubwa.